Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Mjomba wangu ni dereva wa malori. Kazi yake ni kutoka bandarini Dar es Salaam, kupita Tunduma, kuivuka Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, kuingia Lubumbashi, na kurudi na mzigo wa shaba. Kila akirudi tunamkalisha kibarazani atupe habari za njiani. Safari moja akasema, "Kule wanaongea Kiswahili, lakini ukikisikia utacheka mpaka ukae chini. Mtu wao wanamwita muntu. Ulaya wanaiita Bulaya." Tukacheka kweli. Halafu akaongeza jambo ambalo yeye hakulitilia maanani. Katika baa moja aliona ukutani picha ya mwanamke mwenye mkia wa samaki. Akamuuliza mwenye baa, hii nayo ni nini? Yule bwana akaacha wateja wengine, akavuta kiti, akaanza kusimulia. Nusu saa nzima! Soda ya mjomba ikapata moto mezani.

Wenzangu wakaendelea na mazungumzo ya bei ya dizeli. Mimi nikabaki palepale kwenye ile picha. Picha gani hiyo inayomfanya mwenye biashara asahau biashara yake?

Kuifuatilia picha ile ndiko kulikonifikisha kwa mtu ninayetaka kuwasimulia leo. Anaitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji huohuo wa Lubumbashi, enzi hizo ukiitwa Elisabethville. Alikuwa mchoraji wa picha za kuuza mitaani. Kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, mtu huyu alichora historia nzima ya nchi yake, tangu kabla ya wazungu hadi siku zijazo ambazo hakuna aliyeziona. Na hakujiita mchoraji tu. Alijiita mwanahistoria.

Hapo ndipo penye ugomvi, na ndipo penye somo kwetu sisi tunaojaribu kalamu.

MJI WA SHABA NA KISWAHILI CHAKE

Kwanza tuujue mji. Lubumbashi ni mji wa shaba, uliozaliwa mwaka 1910. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1906, ilikuwa imeanzishwa kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ile ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji: ilijenga nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, na ikagawa hata posho ya unga. Kiwanda chake cha kuyeyushia shaba kilikuwa na bomba refu la moshi, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya madini. Bomba na mlima ule ndiyo alama ya mji, nawe utaviona vimejitokeza nyuma ya picha nyingi za wachoraji wa kule. Mobutu alipobadilisha majina ya nchi, mkoa wote wa Katanga akauita Shaba, kwa neno letu lilelile la Kiswahili. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1997.

Kiswahili kilifikaje kule, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani? Kilipanda na misafara ya wafanyabiashara. Tena kuna ndugu yetu mmoja hapa, Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, akaenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu, akabaki akawa mfalme. Makao yake yalikuwa Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na kapteni wa Kibelgiji aliyeitwa Bodson, ambaye naye alipigwa risasi papo hapo akafa. Msiri akakatwa kichwa. Baadaye, makampuni ya migodi yalipokusanya vibarua kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, walihitaji lugha moja ya kuamrishana kazini, na Kiswahili kikawa ndicho. Kwa hiyo Kiswahili cha Lubumbashi hakikulelewa na mashairi ya Lamu wala madrasa za Unguja. Kililelewa shimoni, kiwandani na kwenye foleni ya posho. Ukikisikia usicheke sana kama tulivyocheka sisi. Kimebeba mzigo wake.

PICHA YA SEBULENI

Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huo ulijaa wachoraji. Hawakuwa wamesoma vyuo vya sanaa. Walichora nyumbani, wakabeba picha kwapani, wakapita nazo nyumba kwa nyumba na baa kwa baa. Wanunuzi wao walikuwa makarani, walimu, wafanyakazi wa migodi, watu wenye kiti cha kukalia mgeni na ukuta wa kutundika kitu. Picha ilikuwa sehemu ya sebule kama redio na vitambaa vya kufuma vya juu ya makochi.

Hapa nilijiuliza swali kuhusu nyumbani kwetu. Miaka hiyohiyo, hapa Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alikuwa akichora kwa rangi za mafuta juu ya vibao, kabla hajapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine mwaka 1972. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, na wageni walipenda ndege, chui na twiga. Simlaumu, mtu lazima ale. Lakini tazama jinsi mnunuzi anavyoishika brashi ya mchoraji. Mgeni hununua twiga ampeleke kwao. Karani wa Lubumbashi hakuwa na haja ya twiga. Alitaka picha ambayo jirani akiingia atauliza, "Hii ni nini?" naye apate nafasi ya kusimulia.

Watu wa kule walikuwa na neno la kazi hiyo ya picha, na neno lenyewe unalijua: ukumbusho. Kwao picha nzuri ni ile inayokumbusha. Inakushika mkono inakurudisha kwenye jambo, kisha inakulazimisha kusema. Mambo yenyewe waliyapanga kwa mafungu: kuna mambo ya mababu, ambao wao wanawaita bankambo, kuna mambo yaliyopita, yaani ya ukoloni na ya vurugu za uhuru, na kuna mambo ya sasa. Yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ni mamba muntu, anayesemwa kuwa hutoa utajiri kwa masharti mazito. Kwa hiyo mwenye baa wa mjomba hakuwa amesahau biashara. Picha yake ilikuwa kazini.

MTU WA KUBISHA HODI

Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Mjerumani mtaalamu wa elimu ya jamii na utamaduni, Johannes Fabian, alikuwa akikusanya picha hizi yeye na mkewe, Ilona Szombati-Fabian. Kiswahili cha migodini alikijua vizuri. Tshibumba akafika kwake na picha za kuuza, kama alivyofika kwa wengine. Katika kuongea, ikajulikana kwamba kijana huyu wa miaka 26 alikuwa na mpango kichwani. Alitaka kuchora historia yote ya nchi, mwanzo hadi mwisho, picha baada ya picha. Kilichokosekana ni mtu wa kuzinunua zote. Karani gani ana ukuta wa picha mia moja?

Wakakubaliana. Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba akawa anakuja na picha mafungu kwa mafungu. Anazipanga, kinasa sauti kinawashwa, naye anasimulia kwa Kiswahili kila picha inasema nini. Kisha wanajadiliana, wanabishana. Zikafika picha zipatazo mia moja. Humo yumo Mreno Diogo Cão aliyefika mlango wa mto Kongo mwaka 1482. Wamo Livingstone na Stanley. Yumo Msiri wetu. Yumo Simon Kimbangu, nabii aliyekamatwa mwaka 1921 na kufungwa miaka 30 katika gereza la Elisabethville hadi akafia humo mwaka 1951. Wamo wafanyakazi wa migodi waliogoma Desemba 1941 kudai mishahara, wakapigwa risasi na askari pale uwanja wa mpira. Wamo simba wa Bulaya, wale wanyonya damu wa kizungu ambao sisi huku tulitishwa nao utotoni kwa jina la mumiani. Wamo Lumumba, Tshombe na Mobutu. Na mwishoni ziko picha za wakati ujao, ambazo hazina furaha hata kidogo.

Fikiria sasa ilikuwa nchi gani. Zaire ya mwaka 1973 ilikuwa ya chama kimoja na sauti moja. Miaka saba tu nyuma, Juni 1966, waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na wanasiasa wenzake watatu walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya maelfu ya watu. Katika nchi kama hiyo historia ilikuwa na mwenyewe, na kila mtu alimjua mwenyewe ni nani. Halafu anatokea kijana na mifuko ya unga, anasema: nitaisimulia mimi, na chini ya picha naweka jina langu.

MAKOSA YALIYO KWELI

Sasa nataka tusimame kwenye picha moja. Wachoraji wengi wa Lubumbashi waliichora, na Tshibumba aliichora mara nyingi kwa sababu ilipendwa mno. Maandishi yake ni ya Kifaransa: Colonie Belge 1885–1959, yaani koloni la Wabelgiji.

Ni uwanja wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mtu amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, askari mweusi ameinua kiboko. Pembeni amesimama ofisa mzungu, mavazi meupe, anatazama. Wafungwa wengine wanaendelea na kazi. Hakuna anayepiga kelele. Mambo yanakwenda kama kazi ya ofisini.

Mwalimu wa historia akiitazama atachukua kalamu nyekundu. Atasema: kijana, umekosea mara mbili. Mwaka 1885 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili. Ubelgiji yenyewe iliichukua mwaka 1908. Na uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, mwaka 1959 umeutoa wapi? Alama: sifuri.

Mimi mwenyewe niliposoma maandishi yale nilidhani ni kosa. Nilikaa nalo siku kadhaa. Halafu nikajaribu kuitazama picha kutoka chini, kwa macho ya yule aliyelazwa. Kwake yeye mwaka 1908 kulibadilika nini? Karatasi zilihamishwa kutoka meza ya mfalme kwenda meza ya bunge huko Brussels. Kiboko kilikuwa kilekile, na mgongo uleule. Na mwaka 1959? Tarehe 4 Januari mwaka huo watu wa Léopoldville waliingia barabarani, wakauawa kwa makumi, na tangu siku hiyo Ubelgiji haikuweza tena kutawala kama zamani. Serikali huhesabu mwisho wa ukoloni kuanzia siku bendera iliposhushwa. Aliyechapwa huhesabu kuanzia siku watu walipokataa. Tarehe za Tshibumba zinaweza kupimwa na kubishiwa, lakini hazikuandikwa na mtu asiyejua anachosema.

Sisemi kwamba tarehe hazina maana. La hasha! Mtu akiniambia uhuru wa Tanganyika ulikuwa mwaka 1970 nitambishia mpaka jua lizame. Ninachosema ni kwamba kuna kosa la uvivu na kuna kosa linalotokana na mahali mtu aliposimama. La pili lina habari ndani yake. Fabian naye hakulifuta. Alichapisha maneno ya Tshibumba kama alivyoyasema, akaijadili tofauti yake na vitabu vya wasomi bila kumgeuza mchoraji kuwa mwanafunzi aliyefeli.

Tena liko jambo jingine kwenye picha ile. Anayechapa ni mweusi. Mzungu hajagusa kitu. Picha hii ilitundikwa sebuleni katika miaka ya Mobutu, mgeni akauliza, mwenyeji akasimulia habari za Wabelgiji, na wote wawili wakatikisa kichwa. Lakini nje ya dirisha askari mweusi alikuwa bado anapita na rungu lake. Nani angemkamata mtu kwa kutundika picha ya ubaya wa Wabelgiji? Hakuna. Na nani aliyekuwa sebuleni asingeelewa? Hiyo ndiyo tafsiri yangu, nawe una haki ya kuikataa, ila itazame picha kwanza.

MISALABA MITATU

Picha za Lumumba ndizo nzito kuliko zote. Kumbuka kwamba Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville kwa ndege tarehe 17 Januari 1961, amefungwa kamba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule wakapigwa risasi porini nje ya mji. Tshibumba wakati huo alikuwa kijana mdogo wa mji huohuo. Serikali ya Tshombe ilinyamaza karibu mwezi mzima, kisha Februari waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Hapa historia inauma: Munongo huyu alikuwa mjukuu wa Msiri, yule yule aliyekatwa kichwa na watu wa mfalme Leopold.

Maiti hazikuachwa ardhini. Ziliyeyushwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi la kwenda kulilia.

Miaka kumi na kitu baadaye Tshibumba anachora kifo hicho. Watu watatu wamelala chini, na nyuma yao kuna misalaba mitatu, kama ile ya kilima cha Golgotha. Kwa maneno yake, Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi ile. Msomaji mwingine atasema hiyo ni kufuru, mwingine atasema ni chumvi ya mchoraji. Mimi naona mtu anayeshughulika na tatizo la kweli kabisa: unamkumbukaje mtu ambaye wauaji wake wamehakikisha hakuna alichoacha? Pasipo na kaburi, yeye akaweka alama ambayo kila mtu wa mji ule, awe amesoma au hakusoma, anajua maana yake. Wameua, na aliyeuawa hajaisha.

Na kuhusu ukweli wa tangazo la Munongo, mitaani hakuna aliyeliamini tangu siku ya kwanza. Wasomi walikuja kulibomoa kwa ushahidi wa nyaraka. Tume ya bunge la Ubelgiji ikakiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili katika mauaji yale. Mwaka 2022 Ubelgiji ikarudisha kwa familia jino moja, ambalo polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuyeyusha maiti alikuwa amelihifadhi kwake. Jino hilo likazunguka nchi ndani ya jeneza, likafika na Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kwa hiyo kaburi lilipatikana baada ya miaka 61. Kabla ya hapo, kwa watu wengi wa Lubumbashi, kaburi lilikuwa picha iliyotundikwa sebuleni.

NANI AMEBAKI NA NINI

Tshibumba mwenyewe hana kaburi tunalolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zinakatika. Watafiti waliokuwa wakiwasiliana naye walimtafuta, wapi! Mtu aliyechora maisha ya nchi nzima ametoweka bila kuacha hata tarehe ya kifo chake.

Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye picha zote na mazungumzo yao, kimechapishwa na chuo kikuu cha California, kinaitwa Remembering the Present. Picha zenyewe ziliingia katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, Amsterdam. Wachoraji wengine wa Kongo walipata umaarufu mapema zaidi. Chéri Samba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1956 na kuanza kama mchora mabango, alionyeshwa Paris mwaka 1989 na tangu hapo picha zake zenye maandishi ya Kifaransa na Kilingala, ambazo mara nyingi amejichora mwenyewe ndani yake, zimezunguka dunia. Tshibumba hakuyaona hayo.

Nikifika hapa nakasirika, halafu najiuliza nimkasirikie nani. Fabian? Bila yeye kununua, picha zile zingetawanyika, sebule kwa sebule, mpaka zioze. Bila kinasa sauti chake tusingekuwa na sauti ya mchoraji. Tena hakuificha: mazungumzo yao ya Kiswahili yaliwekwa kwenye intaneti tangu miaka ya 1990, neno kwa neno, kila mtu ayasome. Wamarekani na Wazungu wanahitaji tafsiri. Sisi hatuhitaji! Ni sisi tunaoweza kumsoma mtu huyu kwa lugha aliyoisema, tukikwama kidogo hapa na pale kwenye neno la kwao. Lakini katika shule niliyosoma sikulisikia jina lake hata mara moja. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1965 wafanyakazi wa majumbani wa mji huohuo walikuwa wameandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, mkusanyaji akiitwa André Yav. Mapishi na wapishi, maboi na mabwana, vita na mishahara, yote humo. Mabwana wao walidhani wanahudumiwa tu, kumbe wanaandikwa.

SASA SISI

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Nina muswada wa riwaya. Unahusu babu yangu, aliyeondoka kwao Kigoma kuja Tanga kama manamba wa mashamba ya mkonge. Manamba, kwa wasiojua, ni wale vibarua wa mkataba walioitwa kwa namba badala ya jina. Bibi yangu anakumbuka namba ya babu mpaka leo. Mwaka aliokuja haujui. Anasema "mwaka wa nzige". Muswada huo niliupeleka kwa mtu mmoja wa vitabu. Akausoma kurasa chache, akauliza, "Una elimu gani?" Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne. Akaurudisha kwa upole, akasema historia ina wenyewe, niandike mapenzi, mapenzi yanauza.

Nilikaa miezi bila kuugusa. Niliamini. Nilidhani kweli lazima kwanza niwe na shahada, halafu niende kwenye nyaraka, halafu niruhusiwe kusema kwamba babu yangu alikatwa mkonge mikononi na kiunoni alikuwa na namba.

Tshibumba hakuwa na shahada. Hakuwa na karatasi ya kutosha, sembuse nyaraka. Alikuwa na alichosikia kwa wazee, alichosoma shuleni na kwenye magazeti, alichoona mwenyewe, na kichwa cha kupanga. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka wenzangu mlishike. Hakuokota visa akavitupa kwenye kitambaa. Alivipanga kwa mfuatano, akaonyesha hiki kilizaa kile, akawa tayari kukaa mbele ya profesa na kuulizwa. Hakukimbilia kusema "mimi ni msanii tu". Pale alipobanwa alijibu. Kwa hiyo tusimtumie kama kisingizio cha kutosoma. Kujiita mwanahistoria ni kukubali kuulizwa maswali, na sisi wengi tunapenda jina bila maswali.

Basi nimerudi kwenye muswada. Nimefanya kitu kimoja ambacho sikukifanya mwanzo. Nimekwenda maktaba kutafuta miaka ya nzige, na kumbe nzige walikuja zaidi ya mara moja, kwa hiyo sasa nina kazi. Nimemrudia bibi na daftari, nikamuuliza ni nzige wa kabla ya vita ya Hitler au wa baadaye. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwaka ule babu yako hakuwa na viatu, alinunua vya kwanza hukohuko mkongeni." Nikaandika. Hakuna nyaraka itakayoniambia habari ya viatu, na hakuna viatu vitakavyoniambia mwaka. Vyote viwili nitaviweka kwenye ukurasa, kimoja kando ya kingine, na msomaji aone vinapogombana.

Mjomba anaondoka tena wiki ijayo. Nimempa kazi: akifika baa ile asimuulize mwenyewe habari ya mamba muntu tena, hiyo tumeshaipata. Amuulize kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kuwa na picha ya kiboko ukutani, na wageni wakiuliza, mzee alikuwa akisimulia nini.